Mteja akitaka injini ya zamani kwenye Defender mpya, muulize haya kabla hujapokea pesa

Leo naongea zaidi na wanaouza spea kwa simu kama mimi hapa Morogoro. Kama unauza vyombo au viatu soma tu, kuna kitu utaokota.

Huku kwetu Landrova bado zinapanda Uluguru. Kabichi, viazi na karoti za Nyandira zinashuka nazo, ndizi na nanasi za Kinole pia. Sasa ujumbe ninaoupata mara kwa mara ni huu: "Kaka, nina Defender ya Td5, nitafutie injini ya 300Tdi. Hii ya kompyuta imenichosha."

Kwa asiyezijua: 300Tdi ilianza kufungwa kwenye Defender mwaka 1994. Ni lita 2.5, silinda 4, pampu ya dizeli ya kawaida, na kimsingi waya mmoja wa umeme kwenye pampu unatosha iendelee kuunguruma. Mwaka 1998 ikaja Td5, lita 2.5 vilevile ila silinda 5, nozeli zinaendeshwa na kompyuta. Ina nguvu zaidi, wala sio injini mbaya. Shida ni ikikorofisha kijijini ambako fundi ana spana tu.

Muuzaji mwenye njaa hapo anatuma namba ya malipo palepale. Mi nauliza kwanza: gari linafanyaje? Mteja mmoja wa Nyandira aliniambia linakata moto likipata joto, mara linapiga silinda 4 mara 5. Nikamwomba fundi wake afungue chini ya kiti, achomoe plagi nyekundu ya kompyuta, anitumie picha. Imejaa oili. Huo ni ugonjwa unaojulikana wa Td5: oili inapanda ndani ya nyaya za nozeli kutoka kwenye silinda hedi mpaka inafika kwenye kompyuta. Dawa yake ni kusafisha plagi na kubadilisha nyaya zile za nozeli. Nikauza nyaya badala ya injini. Faida ilikuwa ndogo, sikatai, lakini mpaka leo akitaka hata bushi ananitafuta mimi.

Wapo wanaohitaji kubadilisha kweli, injini imekufa na kuifufua ni gharama kuliko kuitoa. Huyo usimwambie "inaingia moja kwa moja, boss", maana haiingii. Gia boksi zote mbili zinaitwa R380, lakini kile kikombe cha mbele kinachofunika klachi hakifanani. Mauntingi za injini ni tofauti. Bomba la ekzosi na hozi za hewa zinapimwa upya. Td5 ina pampu ya umeme ndani ya tangi, wakati 300Tdi inavuta dizeli kwa pampu yake yenyewe kwenye injini, kwahiyo njia ya dizeli lazima ibadilishwe. Na 300Tdi inatumia mkanda wa taimingi, sio cheni. Mkanda wa injini ya mtumba hujui umetembea kilomita ngapi. Mwambie abadilishe injini ikiwa bado iko chini, ndo rahisi.

Kitu ambacho sikubali kupunguza ni vakamu pampu. Kwenye Td5 iko mgongoni mwa oltaneta, ikitoka injini nayo inaondoka. Kwenye 300Tdi imefungwa ubavuni mwa injini. Kuna fundi alinipigia, anamfungia mteja wa Kinole: "Dogo, toa hiyo pampu, ushushe bei." Nikamwambia hapana, mzee wangu. Bila vakamu breki inakuwa ngumu kama jiwe. Tambarare ya Msamvu unaweza usishtuke. Kushuka Kinole na ndizi nyuma na abiria juu ya ndizi, ni habari nyingine. Aliguna, akalipa.

Kwahiyo kabla ya pesa natuma video ya injini ikiunguruma, kisha orodha kwa maandishi: inakwenda na turbo, vakamu pampu, pampu ya dizeli, na kikombe cha gia boksi kama kipo. Kisichokuwepo nakiandika pia. Mteja anajibu "nimekubali" ndo tunaendelea. Hiyo meseji imeniokoa kwenye ugomvi zaidi ya mara moja.

Mwisho ni karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukimuuzia mtu injini bila risiti yenye namba hiyo, atakwama akienda TRA kubadilisha taarifa, na trafiki akifungua boneti namba hazisomani. Piga picha namba ikiwa imesafishwa vizuri, iandike kwenye risiti, na wewe baki na nakala. Nakala zangu naziweka kwenye daftari, sio kwenye simu, maana simu za Msamvu stendi tunazijua.