Rangi Inayoonyesha Pa Kukata

Saratani ya kinywa kwa kawaida haianzi na maumivu. Mara nyingi huanza na doa: jeupe lisilotoka hata ukilisugua kwa kitambaa, au jekundu, laini kama mahameri, pembeni mwa ulimi, chini yake au ndani ya shavu. Watu huhangaikia zaidi lile jeupe, kumbe jekundu ndilo la kuogopwa. Mwenye doa anakula, anaongea, anacheka, hana kinachompeleka hospitali. Siku atakapohisi ulimi mzito au uvimbe shingoni, mara nyingi miezi imeshapita.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kuwa mwaka 2020 dunia ilipata wagonjwa wapya karibu 378,000 wa saratani ya midomo na kinywa, na vifo karibu 178,000. Tumbaku na pombe ndizo zinazotajwa kwanza. Kwa watu wa pwani yetu kuna jingine: popoo iliyomo ndani ya tambuu. Mwaka 2003 wataalamu wa shirika hilo hilo walihitimisha kwamba popoo peke yake, hata isipotiwa tumbaku, inasababisha saratani. Kwa watafunaji wengine dalili ya mapema si doa bali mashavu kukakamaa, hadi kinywa kinashindwa kufunguka vizuri.

Kinachoudhi ni kwamba ugonjwa huu hukaa mahali panapoonekana kwa tochi na kijiti tu, na wagonjwa wengi bado wanafika wamechelewa.

Tuseme mtu amewahi. Doa limetanda kwenye shavu lote la ndani. Daktari anajua kwamba doa moja linaweza kuwa na sehemu salama na sehemu iliyoharibika zikipakana, na kisu chake kitachukua kipande kidogo tu. Akate wapi?

Hapo ndipo inapoingia bluu ya toluidini, rangi inayotengenezwa kiwandani na inayovutwa na asidi. Ndani ya kiini cha kila seli mna DNA, ambayo ni asidi. Seli zinazoelekea kwenye saratani zina viini vikubwa vyenye asidi hiyo kwa wingi, na nafasi kati ya seli na seli hupanuka, basi rangi hupenya na kushika. Mwaka 1964 watafiti Niebel na Chomet walichapisha nchini Marekani majaribio ya kuipaka kinywani mwa wagonjwa. Utaratibu haujabadilika sana: mgonjwa anasukutua kwa asidi hafifu ya siki, anapakwa rangi yenye nguvu ya asilimia 1, kisha anasukutua tena kwa asidi na maji. Panapobaki na bluu iliyokolea ndipo pa kutilia shaka.

Pa kutilia shaka tu. Kidonda cha kujiuma nacho hushika bluu, na mgongo wa ulimi hushika kwa sababu ya vinundu vyake vya asili. Kwa hiyo mgonjwa mwenye kidonda huambiwa arudi baada ya siku 14 apakwe upya. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: doa lenye gamba nene linaweza kukataa rangi huku chini yake seli zimeshaharibika. Mwaka 2017 jopo la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilipima ushahidi wote na likashauri madaktari wasitegemee rangi hizi kuamua nani akatwe kinyama cha kupimwa na nani aachwe. Naona jopo lilikuwa na haki. Rangi inamsaidia daktari aliyekwisha amua kukata. Anayetafuta kisingizio cha kutokata, itampotosha.

Jibu lenyewe hutoka maabara, kwa rangi nyingine kabisa. Kinyama huwekwa mara moja kwenye formalini, tena nyingi, walau mara kumi ya ukubwa wake. Kikitiwa kwenye maji ya chumvi kwa sababu formalini imeisha, kinaanza kuoza njiani, na hakuna mtaalamu atakayekirudisha kilivyokuwa. Maabara hukikausha maji, hukijaza nta, kisha hukikata vipande vyembamba vya mikroni 4 au 5. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni zaidi ya 50.

Kipande hicho hakina rangi. Hutiwa hematoksilini, inayotokana na mti wa Amerika ya Kati, na ambayo haishiki mpaka ichanganywe na chumvi ya madini, mara nyingi shabu, ile ile ya kutuliza matope kwenye maji. Viini hugeuka bluu ya zambarau. Kisha hutiwa eosini, na sehemu nyingine zote za seli zinakuwa waridi. Jozi hii imetumika tangu karne ya 19, na mpaka leo ndiyo inayoamua.

Mtaalamu wa patholojia anapoweka slaidi kwenye hadubini hutafuta mpangilio. Katika ngozi nzima ya kinywa, seli changa zenye viini vilivyokolea hukaa safu ya chini, na kadiri zinavyopanda juu hulala bapa na kupauka. Mpangilio ukivurugika katika theluthi ya chini peke yake, huandikwa badiliko dogo. Ukifika theluthi ya kati, la wastani. Ukizidi hapo, kubwa. Bado si saratani. Huwa saratani seli zinapotoboa utando mwembamba ulio chini yao na kuingia kwenye nyama. Wataalamu wawili wakisoma slaidi moja huweza kutofautiana kuhusu dogo na la wastani, ndiyo maana ni busara slaidi ngumu isomwe na mtu wa pili.

Mitaani wapo wanaosema saratani ikiguswa na kisu inasambaa, na maneno haya yamewarudisha nyumbani watu ambao wangepona. Kuchukua kinyama kinywani hufanyika kwa ganzi, kwa dakika chache, na hakugeuzi doa kuwa saratani. Kinachoipa nafasi ya kusambaa ni kungoja.

Wala hatuhitaji mashine za gharama kuanza. Huko Trivandrum, jimbo la Kerala nchini India, wahudumu wa afya waliofunzwa walikagua vinywa vya watu kwa macho kuanzia mwaka 1996. Matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa takriban theluthi moja.

Ukiwa na doa au kidonda kinywani kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili, hasa kama unavuta, unatafuna au unakunywa, nenda ukaonyeshe. Ukipakwa rangi na ukaambiwa haikushika, uliza kama kuna haja ya kuchukua kinyama. Kikichukuliwa, fuatilia majibu mpaka uyashike mkononi yakiwa yameandikwa.