Nafasi ya Maji katika Fuwele za Jasi
Jasi inayochimbwa Makanya, wilayani Same, kando ya reli iendayo Tanga, ni salfeti ya kalsiamu ambayo takribani asilimia 21 ya uzito wake ni maji. Wooster aliubainisha muundo wake kwa eksirei mwaka 1936: matabaka ya kalsiamu na salfeti hutenganishwa na maji, na hapo ndipo fuwele hupasuka kirahisi. Haidrojeni, ambayo eksirei huidhihirisha kwa shida, ilibainishwa mwaka 1958, Atoji na Rundle walipotumia nyutroni. Kwa maoni yetu, halijoto ya kukaushia sampuli ni data ya lazima, wala si jambo la pembeni: jasi ikipoteza robo tatu ya maji yake huwa madini mengine, na saruji iliyosagwa nayo hukakamaa mapema mno, kisha hulainika ikikorogwa upya.