I Yenye Kofia na Viatu

Je, wajua kwamba fonti nyingi za katuni zina herufi I mbili? Ukibonyeza i ndogo, unapata mstari mmoja uliosimama wima. Ukibonyeza I kubwa, unapata I yenye kofia na viatu, yaani kijistari juu na kingine chini. Zote mbili zina umbo la herufi kubwa, kwa sababu fonti hizi kwa kawaida hazina herufi ndogo. Ile ya kofia iliwekwa kwa ajili ya Kiingereza, ambako I ikisimama peke yake humaanisha "mimi". Kiswahili hakina kazi nayo.

Kwa hiyo fundi wa duka la kuchapa mjini Busia, anayetengeneza stika ya boda boda, akiwasha Caps Lock na kuandika SISHINDANI NA MTU, atapata I tatu zilizovaa kofia ndani ya neno moja, na neno zima litaonekana limekwama. Azime Caps Lock, aandike kwa herufi ndogo. Fonti yenyewe itazikuza.

Shift hata hivyo ina faida nyingine. Katika fonti zilizotengenezwa vizuri, A ya Shift na a ya kawaida ni michoro miwili tofauti kidogo. Neno ANAWAKATAZA lina A sita. Zikifanana zote, jicho linajua mara moja kwamba mashine ndiyo iliyoandika. Ukizichanganya, unarudi mwandiko wa mkono, kama ule wa enzi ambazo mchoraji Edward Gitau alimchora Juha Kalulu, mhusika wa katuni wa gazeti la Taifa Leo. Fonti mpya za OpenType huweza kufanya mchanganyiko huo zenyewe.

Wachoraji walipenda herufi kubwa kwa sababu hazina mikia inayoning'inia kama g, p na y. Mistari hukaribiana na puto la maneno hubaki dogo. Comic Sans, inayojulikana kuliko zote, ina herufi ndogo pia. Vincent Connare aliichora akiwa Microsoft mwaka 1994 baada ya kuona mbwa wa programu ya kampuni hiyo iitwayo Bob akizungumza ndani ya puto kwa herufi za Times New Roman, herufi za gazeti. Alivitazama vitabu vya katuni vya Batman na Watchmen, akachora. Fonti ilichelewa kuingia kwenye Bob.

Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kuna mtihani ambao watengenezaji wengi hawakuufikiria. Upande wa Kenya tunaandika ng' kwa ritifaa: ng'ombe, ng'ambo. Mteja akivuka kutoka Busia ya Uganda na tangazo la Kiganda, huja na herufi ŋ, kama katika eŋŋoma. Kama haikuchorwa, kompyuta itaiazima kutoka fonti nyingine, au itaweka kijisanduku kitupu. Nayo ritifaa, katika fonti za bure zilizotengenezwa haraka, hukaa mbali hadi NG'AMBO inasomeka kama maneno mawili. Ukibofya faili la fonti mara mbili, Windows hukuonyesha sentensi ya mfano pamoja na kitufe cha Install. Sentensi hiyo haitakuonyesha ŋ, basi sakinisha, fungua upya programu yako, kisha jaribu NG'AMBO na eŋŋoma kabla ya kupokea kazi. Soma na leseni pia. Fonti nyingi za bure ni za matumizi binafsi, na stika ya kuuza ni biashara.

Brashi ya puto, yaani mchoro wa puto unaogongwa kama muhuri, ni kitu kingine kabisa. Fonti huhifadhi mistari ya hesabu, hivyo hukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kufifia. Brashi ya Photoshop, faili la abr ambalo hata GIMP hulisoma, mara nyingi ni picha ya weusi na weupe: palipo peusi rangi hupita, palipo peupe hapapiti kitu. Ukiikuza kupita kipimo chake, kingo hulainika na kufifia. Tena, ukigonga puto juu ya picha ya foleni ya malori Malaba, utapata mduara tu, na taa za lori zitaonekana katikati ya maneno ya dereva. Gonga puto kwenye leya yake, ongeza leya nyingine chini yake, uijaze nyeupe ndani ya mduara.

Na maneno yatangulie puto. Maputo mengi ya kupakua ni membamba, yamepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Dereva akisema HAWATATURUHUSU, neno hilo litagonga kuta zote mbili. Chagua puto pana, au likate kwenye silabi, HAWATA- juu na TURUHUSU chini, halafu geuza mkia uelekee mdomoni, ukomee kabla ya kuugusa.