Kosa la Shujaa wa Tanzia: Kutoka Oedipus hadi Kinjeketile

Katika uhakiki wa tamthilia kwa Kiswahili, istilahi ya Kiyunani hamartia aghalabu hufasiriwa kuwa "dosari ya kitabia" au "udhaifu" wa shujaa. Fasiri hii imezoeleka kiasi kwamba msomaji wa Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi ya tamthilia ya Sophocles, huanza kwa kumsaka mfalme huyo tabia mbaya: hasira, kiburi, ukaidi. Hasira anayo, tena si haba. Hata hivyo, Aristotle hakusema hivyo. Katika sura ya 13 ya kitabu chake kuhusu ushairi, shujaa ni mtu wa hadhi kubwa, asiyepindukia kwa wema wala kwa uovu, anayeanguka kwa sababu ya hamartia fulani na si kwa ubaya wake.

Nomino hiyo inahusiana na kitenzi hamartanein, ambacho katika tenzi za Homer hutumika kwa mkuki uliokosa shabaha. Hapa Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina, kwani kitenzi kukosa hubeba maana zote mbili: kutopata kilicholengwa na kutenda kosa. Mwindaji aliyemkosa paa hahesabiwi kuwa mwovu. Kwa hiyo "kosa" ni fasiri bora kuliko "dosari", maana kosa ni la tendo ilhali dosari ni ya mtu.

Oedipus aliihama Korintho ili asimuue baba yake. Kwenye njia panda akamuua mzee asiyemjua, naye ndiye Laius, baba yake mzazi. Alilenga kuepusha balaa na mkono wake ukaitimiza. Baadaye mjumbe wa Korintho anapokuja kumwondolea hofu, habari zake ndizo zinazoifichua asili yake. Mgeuko na utambuzi hutokea pamoja, na anayetambua ni shujaa mwenyewe.

Mwaka 1949 Arthur Miller alidai katika insha kwamba mtu wa kawaida anafaa kuwa shujaa wa tanzia sawasawa na mfalme. Willy Loman, mchuuzi wa Death of a Salesman, ndiye kielelezo chake. Mjadala wa wahakiki kuhusu cheo chake hauna uzito mkubwa. Lenye uzito ni kwamba Willy hatambui. Anajiua akiamini kuwa fedha za bima zitamwinua mwanawe Biff, na ni Biff, kaburini, anayeeleza kuwa baba yake hakujijua. Utambuzi umemhama shujaa ukaenda kwa mrithi.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inachukua njia ya tatu. Shujaa wake, aliyejengwa juu ya Kinjeketile Ngwale wa vita vya Maji Maji, anapagawa na Hongo na kuleta maji yatakayowaunganisha watu dhidi ya Wajerumani. Kisha anagundua kwamba maneno yaliyotoka kinywani mwake yanawaahidi watu kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani kubadilishiwa bwana tu. Utambuzi unakuja mapema, kabla ya mapigano, lakini haumwokoi yeyote. Anapotaka vita vingoje, watu wamekwisha kuliamini neno kuliko wanavyomwamini aliyelisema.

Ndiyo maana tukio la gerezani lina uchungu wa pekee. Kitunda anamsihi akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile anajua kuwa hayakuwalinda wapiganaji, lakini anakataa, kwa kuwa anaona jinsi Wajerumani watakavyoligeuza ungamo hilo kuwa hoja kwamba kupigania uhuru ni kosa. Oedipus, baada ya kutambua, alitangaza aibu yake mbele ya Thebes yote. Kinjeketile anatambua na inambidi anyamaze, huku akijua idadi ya waliokufa kwa neno lake.