MBAYUWAYU WAMEENDA WAPI?

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi tulitembea watatu hadi Dunga, nje kidogo ya Kisumu, kutazama ndege. Rafiki yangu mmoja alikuwa na manati mfukoni (ndiyo tabia yake!). Juu ya waya wa stima walijipanga mbayuwayu, koo zao nyekundu kama matofali.

Hao si wenyeji. Sisi tukingoja masika, Ulaya huwa ni majira ya kuchipua: siku zinarefuka, wadudu wanajaa, na huko ndiko wanakojenga viota. Baridi ikirudi wadudu hupotea, nao hushuka kwetu kuanzia Septemba. Ndege wa gramu 20 hivi, na njiani kuna jangwa la Sahara! Ndiyo maana kabla ya kuondoka hula sana, wanenepe. Yule anayejenga kwa tope chini ya paa lenu ni aina nyingine, wa hapa hapa.

Basi jamaa akavuta manati, akalenga. Nikamwambia, "Wee, huyo ana safari!" Akacheka, lakini akashusha mkono.

Mwisho wa Aprili tulipita tena. Waya mtupu. Jamaa akaapa kwamba si yeye.