Kuran Inahitaji Nini?

Nyuma ya ibada kijana mumoja wa korali aliniuliza: «Pasta, ndege anakaa juu ya waya ya kuran na hafi. Mutu akigusa, anakufa. Juu ya nini?» Ulizo hilo ni zuri. Tuangalie kwanza namna kuran inavyozaliwa.

Kulikuwa mutu katika Uingereza, jina lake Michael Faraday, mwana wa mufua vyuma, mukristo aliyependa kanisa lake. Mwaka 1831 alizungusha waya wa shaba mara nyingi, akaingiza ndani sumaku, ile chuma inayovuta misumari. Mushale wa kipimo ukaruka. Sumaku ilipotulia, mushale ukarudi pahali pake. Alipoitoa, ukaruka tena, upande mwingine.

Basi inahitajiwa sumaku, waya na mwendo. Sumaku ikilala ndani ya waya hata miaka kumi bila kutikisika, hakuna kuran.

Kwetu Katanga, mwendo unatoka kwa mayi. Kule Mwadingusha, kwenye muto Lufira, kazi ilianza mwaka 1930: mayi inashuka katika mabomba makubwa, inasukuma turbini, na turbini inazungusha sumaku kubwa kati ya nyaya za shaba. Nzilo na Nseke, kwenye muto Lualaba, kazi ni ile ile.

Lakini kunabaki kitu cha ine: njia nzima. Kuran inatoka kwa mashini, inapita kwa taa, inarudi kwa mashini. Njia ikikatwa, taa inazimika. Ndege anaweka miguu yote miwili juu ya waya mumoja. Hagusi kitu kingine, hivi kuran haipati njia ya kupita ndani yake. Mutu anasimama juu ya udongo, na udongo ni njia ya kurudia. Akigusa waya, mwili wake njo unakuwa njia. Udongo ukilowa, hatari inazidi.

Wazazi, mimi nimezika mutoto aliyegusa waya ulioanguka ndani ya nyasi. Mvua ilikuwa imepita tu. Mama yake alikimbia kumushika, jirani akamuzuia kwa nguvu. Mama alimukasirikia sana siku ile. Lakini tulizika mumoja, hatukuzika wawili.

Kwa hiyo, mukiona mutu ameshikwa na kuran, musimuguse. Zimeni kuran kwanza. Kama haiwezekani, mukae mbali, muite watu wa kazi ya umeme. Ninyi vijana, musikate nyaya kwa kuuza shaba, na musiunge waya kwa kipande cha plastiki.

Kujua haya bila kutenda ni kama sumaku iliyolala. Leo, mbele ya giza, muzunguke nyumba yenu pamoja na watoto, muangalie kila waya.