AFYA YETU: Marafiki wa Bustani



Tukisema wanyama wa porini, wengi wetu hufikiri tembo wa Mikumi au simba wa Serengeti. Lakini wako viumbe wengine wa porini wanaoishi karibu na nyumba zetu. Hao ni chura, mjusi, kinyonga, bundi, ndege wadogo na nyuki. Hatuwafugi wala hatuwalishi. Hata hivyo hutufanyia kazi usiku na mchana. Leo tutajifunza jinsi ya kuwakaribisha katika bustani ya nyumbani.

Kwa nini jambo hili ni la afya?

Bustani hutupatia mchicha, matembele, maboga na mapapai. Vyakula hivi hujenga vitamini A mwilini. Mtoto anayeikosa hushindwa kuona vizuri giza linapoingia. Baadaye anaweza kupofuka kabisa. Kwa hiyo mboga ni lazima. Lakini wadudu nao wanazitaka.

Baadhi ya watu huchukua dawa ya pamba au ya kahawa na kunyunyizia mchicha. Hilo ni kosa kubwa. Mchicha huvunwa upesi, na sumu huweza kuwa bado ipo kwenye majani. Atakayekula ni mtoto wako. Tena, sumu haichagui. Huua kiwavi, na huua pia nyuki pamoja na wale wanaomla kiwavi. Baada ya muda viwavi hurudi, na safari hii hakuna wa kuwala.

Kazi ya kila mmoja

Chura, mjusi na kinyonga hula wadudu. Kinyonga hana sumu, na wala haumi mtu bila kushikwa. Ndege wadogo hukusanya viwavi ili kulisha makinda yao. Yuko pia mdudu mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi. Huyo hula vidukari wanaonyonya majani ya kunde. Usimwue.

Nyuki hutusaidia kupata maboga. Mboga huu una maua dume na maua jike. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Nyuki hubeba chavua kutoka ua dume hadi ua jike. Asipofika, kiboga kile hunyauka na kuanguka.

Na bundi je? Wengi humpiga mawe wakisema analeta kifo. Bundi haleti kifo. Anafuata panya. Panya hula akiba yetu ya mahindi, na viroboto wake huweza kumwambukiza mtu tauni. Wenzetu wa Lushoto wanaijua tauni. Ugonjwa huo ulizuka huko mwaka 1980 na kuua watu. Basi anayemwua bundi anamsaidia panya.

Jinsi ya kuwakaribisha

1. Changanya mimea. Usipande mchicha peke yake. Weka pia kunde, vitunguu na maboga.

2. Panda maua na miti. Alizeti, mrehani na mbaazi huvuta nyuki. Mpera na mpapai huwapa ndege mahali pa kutua, na ninyi mnapata matunda.

3. Weka maji. Chukua kigae cha chungu, tia maji kidogo na mawe machache ili nyuki wasizame. Mwaga maji hayo na kutia mengine kila siku. Maji yakikaa siku nyingi, mbu watazaliana humo.

4. Weka rundo dogo la mawe au magogo mwisho wa bustani. Chura na mijusi watajificha humo. Liwe mbali na nyumba, kwa sababu nyoka pia huweza kuingia. Watoto wasicheze hapo. Sehemu inayozunguka nyumba iwe safi, imefyekwa.

5. Toa viwavi kwa mkono asubuhi. Vidukari waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Wadudu wakizidi, mwone kwanza Bwana Shamba au Bibi Shamba. Tumia dawa ya mboga tu. Soma maandishi yaliyo kwenye chupa. Yanasema kiasi cha kutumia na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Hapa ndipo kujua kusoma kunapookoa maisha. Nyunyizia jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Chupa tupu isitumiwe kuwekea maji, mafuta wala maziwa.

Mtu akidhurika na dawa

Dalili ni kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, kutetemeka na kupumua kwa shida. Mvue nguo zilizoingia dawa. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe. Mpeleke upesi kwenye zahanati au kituo cha afya, na chukua ile chupa ya dawa ili mganga aione.

Maswali ya kujadili darasani

1. Taja viumbe watatu wanaolinda bustani, na kazi ya kila mmoja.
2. Kwa nini dawa ya pamba haifai kwa mchicha?
3. Katika kijiji chenu, watu husema nini juu ya bundi? Je, ni kweli?
4. Kwa nini maji ya ndege na nyuki yabadilishwe kila siku?

Mkimaliza kujadili, nendeni pamoja kwenye bustani moja iliyo karibu. Hesabuni marafiki mtakaowaona.